Mama Kaikataa Ndege: Maswali Yenu Kuhusu Ile 737 MAX

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba baadhi ya ndege zinazotua hapa Mombasa siku hizi ni zile Boeing 737 MAX, zile zile zilosimamishwa dunia nzima mwaka 2019, nikasema msiwe na hofu, nikaendelea na habari zangu za mizigo. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia mpaka simu ikaanza kuganda, za Kisauni, za Likoni, za Mikindani, mmoja kaandika yuko Muscat huko. Basi mwezi huu mizigo tuiweke kando. Kwa alo mgeni wa ukurasa huu, mimi si rubani wala si fundi, nimefanya kazi rampu, pale ndege zinapoegeshwa, uwanja wa Port Reitz, Moi International ni jina la watoto wa juzi, miaka ishirini na kitu nikipakia, nikisukuma ngazi, nikiongoza ndege kuegesha, na ninachokijua nimekipata kwa kukesha na mafundi ndege zikilala.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi na mamangu tumekata tiketi ya umra, Mombasa, Addis Ababa, Jeddah, pesa tumelipa zote na viza tayari. Juzi mtoto wa dadangu akashika simu akaitazama ile tiketi akasema, nyanya, hii si ile ndege iloanguka? Wallahi tangu siku hiyo mama hali vizuri, hazungumzi, yuwasema yeye hapandi, kama ni kufa afe kitandani kwake. Tukiahirisha kuna faini kubwa, na mimi mwenyewe nshaingiwa na hofu usiku silali. Hiyo ndege ni salama ama twacheza na roho zetu? Na mama nimwambie nini? (Binti wa Mtopanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza yule kijana msimgombeze, hakusema uongo. Machi 10, 2019, Jumapili asubuhi, ndege ya Ethiopian Airlines, safari nambari 302, iliruka Addis ikija Nairobi, ikakaa hewani dakika sita, ikaanguka karibu na Bishoftu. Watu 157, hakusalia hata mmoja, na Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyengine yoyote. Ndege yenyewe mpya, ina miezi minne. Iliingia ardhini kwa kasi ambayo hata sitaki kuielezea, jamaa walokwenda kule walipewa mifuko ya mchanga wa pale pale warudi nao, ndio wa kuzika. Na miezi mitano kabla, Oktoba 29, 2018, nyengine ya aina hiyo hiyo, ya Lion Air, ilitoka Jakarta ikaingia baharini na watu 189. Sasa mtu akikumbuka haya halafu aone jina lile lile kwenye tiketi yake, akishtuka huyo ana akili zake timamu. Mimi ndo nlokosea kuandika "msiwe na hofu" kama vile naagiza chai.

Lakini hebu tuifungue hiyo hofu tuone ndani mna nini.

Waujua mkokoteni wa pale Kongowea? Hamali akipakia vibaya, mzigo ukazidi nyuma, ile mikono ya mbele yainuka yataka kumnyanyua na yeye. Si sawasawa hasa na ndege lakini itakusaidia. 737 ni ndege ya zamani, ya kwanza iliruka 1967, ina miguu mifupi, tumbo liko karibu na lami, sisi wapakiaji twaipenda kwa hilo manake begi walisukumiza ndani bila mashine. Walipotaka kuitia injini mpya zinazokula mafuta kidogo, injini zenyewe ni pana, feni ya mbele inchi 69 ambapo ile ya zamani ilikuwa 61, hazienei chini ya bawa. Wakazisogeza mbele na wakazipandisha juu kidogo. Matokeo yake ndege ikinyanyua pua sana, zile injini nazo zaongeza kuinyanyua. Kutibu hilo wakaweka programu kwenye kompyuta yake, yaitwa MCAS, kazi yake kuisukuma pua irudi chini yenyewe bila rubani kugusa kitu.

Mpaka hapo bado sina ugomvi nao, ndege zote za kisasa zina vitu vinavyofanya kazi kimya kimya. Ugomvi unaanzia hapa. Ubavuni mwa pua ya ndege kuna kidude kama kibawa kidogo, kinapima upepo waja kwa pembe gani, na viko viwili, kulia na kushoto. Ile programu ilikuwa yasikiliza kimoja tu! Kikiharibika hicho kimoja kikasema pua iko juu, kompyuta yaamini, yaisukuma chini, rubani avuta juu, sekunde chache yasukuma tena, rubani avuta tena, wanashindana hivo mtu na mashine mpaka mmoja achoke, na mashine haichoki. Na marubani wa Lion Air hata hawakujua kama kuna kitu kinaitwa MCAS, hakikuwa kwenye kitabu chao. Ndege ile ile siku moja kabla ilikuwa imefanya mchezo huo huo na marubani wengine, bahati nzuri kulikuwa na rubani wa tatu amekaa nyuma yao kama abiria, akasaidia wakazima swichi za umeme zinazogeuza mkia, wakafika salama. Kesho yake ikapewa watu wengine.

Baada ya hapo onyo lilitumwa kwa mashirika yote, na marubani wa Ethiopian kweli walizizima hizo swichi. Ila kasi ishakuwa kubwa mno, gurudumu la mkono la kuurudisha mkia likawa haligeuki. Nlipoisoma hiyo ripoti nlitoka nje nikakaa barazani.

Ndo zikasimamishwa. China walianza, Marekani wakafuata Machi 13, na hazikuruhusiwa tena Marekani mpaka Novemba 18, 2020, miezi ishirini hiyo. Ethiopian wao hawakuwa na haraka, walisubiri mpaka Februari 1, 2022, karibu miaka mitatu, na siku ya kwanza wakubwa wa shirika wenyewe walipanda. Kilichobadilishwa ni hiki: sasa programu yasikiliza vile vidude vyote viwili na vikitofautiana sana yajizima, ikisukuma yasukuma mara moja tu basi, rubani akivuta nguvu zake zatosha kuishinda, na kila rubani lazima aingie kwenye kile chumba cha kuigiza ndege afundishwe hilo tatizo kwa mikono yake, sio lile somo fupi la kwenye iPad walilokuwa wakipewa. Tangu irudi hakuna MAX ilioangushwa na MCAS, na kila siku ya Mungu ziko hewani kila pembe ya dunia.

Kitu chengine, na hiki watu wa hapa twakisahau. Kenya Airways ya Douala, Mei 5, 2007, watu 114, ilikuwa 737-800, nayo mpya ya miezi sita tu. Uchunguzi ukasema marubani walipotelewa na mwelekeo gizani, na ule mtambo wa kujiendesha hawakuwa wameuwasha, ndege haikuwa na ubaya wowote. 737-800 hiyo mpaka leo watu waipanda wakala karanga, hakuna mjukuu anayeangalia tiketi akashtuka. Yaani jina la ndege ni habari moja tu kati ya habari nyingi, nani anaiendesha, nani anaitengeneza, kunyesha vipi usiku huo.

Mama sasa. Usimpe takwimu, mama si mhasibu. Mwambie hivi: jahazi lilikuwa latoboka, na alolijenga alijua mahali panapovuja akanyamaza, likazamisha watu. Likapandishwa pwani miaka mitatu, likakalafatiwa upya mbele ya macho ya watu wengi walokuwa na hasira, ndo likarudishwa majini. Mtu wa pwani ataelewa. Mkatie kiti karibu na bawa manake kule mkiani ndo kwarusharusha sana, shika mkono wake wakati wa kuruka, someni dua yenu ya safari. Akikataa kabisa usimburute, pigia ofisi ya shirika uulize kama kuna siku yenye ndege aina nyengine, ila ujue tiketi haikuuzii aina ya ndege, yakuuzia safari, wanaweza kubadilisha asubuhi ile ile.

Mimi nshaipanda mara mbili. Ya kwanza nilishika mkono wa kiti mpaka jirani yangu akaniuliza kama naumwa.

SWALI: Ntajuaje kama ndege nliyokatiwa ni hiyo MAX ama siyo? Wakala wangu wa tiketi pale Moi Avenue yuwaniambia "ni Boeing tu". (Msafiri wa Mikindani)

JIBU: Huyo wakala ni mvivu. Kwenye maelezo ya tiketi huwa kuna alama ya aina ya ndege, ukiona 7M8 hiyo ni MAX 8, 738 ni ile 737-800 ya kizazi cha kabla yake. Kwenye zile apu za kufuatilia ndege utaona B38M. Na siku hizi baadhi ya mashirika hayaandiki neno MAX, yaandika 737-8 tu, usichanganye na 737-800, sifuri mbili zile zina maana yake. Ukishafika kwenye dirisha la kusubiria tazama nyuma ya injini, pale hewa inapotokea, kwa hizi 737 ukiona ukingo una meno meno kama msumeno ndo yenyewe. Ncha ya bawa pia imepasuka mbili, moja juu moja chini, kama mkia wa mbayuwayu, lakini kuna 737-800 nazo zimetiwa hivo kwa hiyo usitegemee bawa, angalia meno. Kenya Airways hawana MAX, wana 737-800, zile Embraer na Dreamliner (Boeing 787), kwa hiyo mnaoniuliza kuhusu safari ya kwenda Nairobi mlale usingizi, ama mtafute hofu nyengine.

SWALI: Mzee umegeuka wakala wa Boeing? Watu wamekufa 346 halafu wewe watuambia tusiwe na hofu. Walipwa ngapi? Mimi nshaapa sitoipanda hiyo ndege maisha yangu yote hata kama ni ya bure. (Mwenye Hasira, Tudor)

JIBU: Sijapata hata kalenda yao. Hasira yako naipokea yote, wala sitaki uipunguze, nataka tu tuigeuze iangalie upande wa pili. Wewe wakasirikia chuma. Mimi ndege ile nshaisamehe, kampuni bado. Kosa lililotajwa kwenye kesi yao Marekani Januari 2021 ni kula njama ya kuwadanganya wakaguzi wa serikali kuhusu hiyo MCAS, wakakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5, na kubwa zaidi ya hizo pesa, bilioni 1.77, zilikwenda kwa mashirika ya ndege kufidia hasara, familia za walokufa zikatengewa milioni 500, faini yenyewe ya kosa milioni 243.6. Piga hesabu mwenyewe nani alofidiwa zaidi. Na kwa nini walificha? Manake wangeisema ile programu waziwazi, wakaguzi wangeweza kuwalazimisha marubani kwenda kusomeshwa upya kwenye mashine za kuigiza, na hilo ni gharama, na mpinzani wao Airbus alikuwa yuwauza A320neo zake kama maandazi asubuhi. Ni biashara bwana. Biashara tu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama naiamini ndege, ntakwambia imekaguliwa kuliko mgonjwa wa moyo, kila waya umepekuliwa. Ukiniuliza kama nawaamini wao, ngoja nijibu swali la mlango hapo chini halafu utaona. Kiapo chako ni chako lakini, hakuna anayekulazimisha. Mimi nna binamu tangu mkasa wa feri ya Mtongwe wa 1994 hajawahi kuvuka na feri, azunguka, na sasa kuna barabara ya Dongo Kundu yuwaniambia waona nlikuwa na haki.

SWALI: Nimeona video ya ndege mlango umetoka hewani, watu wamekaa shimo liko wazi wanaona mawingu. Ni hiyo hiyo MAX ama ni AI? (Fatuma wa Bamburi)

JIBU: Si AI dadangu, ni kweli. Januari 5, 2024, Alaska Airlines, ilitoka Portland kule Marekani, hii ni MAX 9, ndefu kuliko MAX 8. Ile MAX 9 ina mahali pa mlango wa dharura katikati nyuma ya bawa, na shirika lisilohitaji huo mlango hutiwa kifuniko cha kuziba, ndani wewe waona ukuta wa kawaida na dirisha lake. Kifuniko hicho chafaa kushikwa na bolti nne. Uchunguzi ukakuta hakuna hata moja, walikifungua kiwandani kurekebisha kitu chengine, wakakirudisha, bolti hawakurudisha. Ndege ya wiki kama kumi tu! Ilipofika karibu futi elfu 15 kikachomoka. Viti viwili vilivyokuwa pale pale shimoni bahati havikuwa na mtu, kijana mmoja wa safu iliyo karibu shati lilimvuka likaenda, na kuna simu ilidondoka kutoka huko juu ikaokotwa kando ya barabara ikiwa nzima na chaji inayo, mimi yangu ikianguka kutoka mezani kioo chapasuka. Watu 177 wote walitua wazima.

Sasa bolti nne zile si kompyuta, si hesabu ngumu ya upepo. Ni kazi ya mtu na spana. Ndo maana bwana wa Tudor nimesema kampuni bado sijaisamehe, manake miaka mitano baada ya Bishoftu bado kuna mtu alopeleka ndege kwa mteja bila kuuliza bolti ziko wapi.

La kufanya wewe abiria ni dogo sana, mshipi. Ule wa kiti usiufungue hata taa ikizima, ulegeze kidogo tu ukae vizuri. Walokuwa karibu na lile shimo walibaki vitini kwa sababu ya mshipi. Na MAX 8, ambayo ndo mnayokutana nayo huku zaidi, hiyo sehemu ya kifuniko haina.

SWALI: Mzee mwenzangu, mjukuu kanikatia ndege ya Nairobi, nimeenda kumsindikiza mtu nikaiona ina mapanka mawili nje kama mashine ya kusaga unga. Hii si teknolojia ya vita vya Wazungu? Si bora nipande SGR? (Mvuvi Mstaafu, Likoni)

JIBU: Mzee mwenzangu umenichekesha na hayo mapanka. Hiyo ni Dash 8-400, ndo wanayotumia Jambojet, abiria 78. Lile panka la nje laonekana la kizamani lakini kinachoizungusha ndani ni turbini, ndugu yake injini ya jeti, haina pistoni kama za boti yako. Kwa safari fupi kama ya Mombasa na Nairobi ndo inayofaa, yala mafuta kidogo na inafika kwa kama saa moja, jeti ingekuokolea dakika kumi tu.

Ubaya wake upo nikuambie. Yapiga kelele, kwa hiyo usikae usawa wa panka, omba safu za nyuma zaidi. Na haipandi juu sana, mwisho wake futi elfu 25 ambapo jeti yaenda elfu 37 na zaidi, kwa hivyo mawingu ya mchana huko juu ya Tsavo jua likishachoma ardhi yakurusharusha kama daladala la maji kwenye bahari ya kusi, wewe mvuvi hilo halikutishi. Ukitaka utulivu panda ya asubuhi mapema kabla ardhi haijapata moto. Kurushwarushwa hakuvunji ndege, mabawa yale yameumbwa yapinde, nshaona mafundi wakisimama juu yake wawili watatu.

SGR nayo sina neno, ni safari nzuri, wapanda Miritini waona ndovu bure, saa tano sita mpaka Syokimau, halafu kutoka Syokimau kuingia mjini ni safari nyengine na matusi yake. Ninachokukataza ni basi la usiku. Nchi hii barabara zaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, kila mwaka mzee, na ile njia ya kupitia Mtito na Salama malori yakilala hapo bila taa waijua mwenyewe. Watu wanambia waogopa kuruka halafu wamwambia dereva wa basi akanyage mafuta.

SWALI: Dreamliner je? Ile ya India mwaka 2025. (Bila jina)

JIBU: Juni 12, 2025, Air India, Ahmedabad, ndani walikuwa 242 akatoka mzima mmoja, na chini wakafa wengine, jumla 260. Ripoti ya awali ya Julai ilisema swichi za mafuta za injini zote mbili ziligeuzwa kuzimwa muda mfupi baada ya kuruka, moja baada ya nyengine. Ripoti hiyo haikuwaagiza wenye Dreamliner wengine wafanye chochote kwa ndege zao. Ndege hiyo yabeba abiria tangu 2011 na huo ndo ulikuwa mkasa wake wa kwanza wa vifo. Sina la kuongeza.

SWALI: Kiti gani ndani ya ndege ndo salama zaidi? Wengine wasema nyuma, wengine mbele. (Ali, Majengo)

JIBU: Kila ajali ina kiti chake Ali. Badala ya hilo, ukikaa hesabu safu ngapi mpaka mlango wa dharura, mbele na nyuma, uzijue kwa vidole manake moshi ukiingia hutoona kitu. Halafu begi uliache. Januari 2, 2024 pale Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani ikawaka moto, watu 379 ndani, wote walitoka, ndege ikateketea yote nyuma yao. Walinzi watano wa ile ndogo walikufa, Mungu awarehemu. Wale 379 waliacha kila kitu ndani. Sasa nawaza ndege yetu inayotoka Dubai, kila mtu na mabegi yake matatu ya juu na blanketi la plastiki, kuna mama hapo atakubali kuliacha?

SWALI: Kwa nini ndege ikichelewa hamtuambii ukweli? Mwezi jana tumekaa saa nne, waambiwa "sababu za kiufundi", watoto walia, hakuna hata maji. (Baba Wawili, Nyali)

JIBU: Maji walikosea, ilikuwa wawape, na chakula pia. Lakini ngoja nikupe kisa.

Siku moja jioni, shirika silitaji, ndege imetua na abiria wa kwenda wamejaa juu wasubiri. Fundi akatoka na tochi kuangalia injini kama kawaida. Kijana mwembamba, mgeni, hata overoli lilikuwa lampwaya. Akaangaza ndani akanyamaza, akanyoosha kidole. Nikasogea nikaona nyoya jeusi limeganda na damu kidogo, ni hawa kunguru wetu wa Mombasa mnaowajua, wasioogopa mtu wala injini. Akaingiza mkono akapapasa jani moja la feni, polepole, kama mtu apapasa blanketi atafuta sindano. Akaniambia weka kidole hapa. Kulikuwa na kibonyeo, kidogo kuliko ukucha wangu.

Meneja wa stesheni akaja mbio, nyaraka mkononi, yuwasema hicho si kitu, hiyo ndege imetua vizuri, jaza kitabu utie sahihi na sisi twende, hao abiria mia moja na kitu walala wapi. Yule kijana akatazama kile kibonyeo tena, akapima, akafungua kitabu chake cha vipimo, akapima mara ya pili. Kisha akafunga daftari, akaichomeka kalamu mfukoni mwa kifua, akakaa juu ya kasha la zana. Hakugombana. Meneja alipiga simu tatu mbele yake, nyengine akampa azungumze, naye akawa asema tu ndio mkubwa, ndio mkubwa, na kalamu haitoki. Juu huko abiria wapiga kioo kwa viganja, kuna mmoja alikuwa aturekodi na simu akitutukana sisi wapakiaji, sisi ndo tulokuwa tukionekana. Mimi nikapewa amri niondoe ngazi, nikajua leo hakuna safari.

Jani jipya lilikuja na ndege ya Nairobi ya usiku, wakabadilisha pale pale kwa taa za trekta, ikaruka karibu saa saba.

Yule kijana hakumaliza mwaka hapa. Nasikia yuko Doha siku hizi, na wamlipa vizuri.